Uzi: Anayepiga kelele huwa sianzi naye. Tunavyomsoma mgonjwa wa dharura, kutoka Tanga

Machela (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kuna uzi wa ajali uliopita humu, watu wakawatukana wahudumu wa gari la wagonjwa kwa sababu walimpita mwenye mguu uliovunjika, analia mpaka sauti inakauka, wakaenda kwa mwenzake aliyekuwa amekaa kimya. Mimi nafanya kazi hiyo hiyo hapa Tanga mjini, na ningefanya vilevile. Acha nieleze kwa nini, maana ndugu wa wagonjwa wanahitaji kulijua hili kuliko hata sisi.

Anayelia ana pumzi ya kulilia. Ukimsikia tu, bado unashuka garini, umeshajua njia yake ya hewa iko wazi, mapafu yanafanya kazi na ubongo unapata damu ya kutosha kujua kwamba mguu unauma. Atafungwa mguu, atapewa dawa ya maumivu. Aliyenyamaza hajakuambia kitu. Inabidi ukamsome mwenyewe.

Kusoma kunaanza kabla sijamgusa mtu. Amekaaje? Aliyebanwa pumzi halali chali, anainama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Ananifuata kwa macho nikija, au macho yanapita tu? Ana jasho wakati wote waliomzunguka ni wakavu? Kisha namshika kiganja. Hapo napata ubaridi au joto, jasho, nguvu ya mkono, na vidole vyangu vikiteleza kidogo hadi kwenye kifundo napata mapigo. Namuuliza "pole, nini kimetokea?" Jibu lenyewe linaweza kusubiri. Nasikiliza kama anamaliza sentensi bila kukatika pumzi, na kama anachosema kina kichwa na miguu.

Sasa presha. Kila mtu siku hizi anauliza "presha yake ngapi?" halafu akisikia ni ya kawaida anashusha pumzi. Presha ni kipimo kinachochelewa. Mtu mzima mwenye afya anaweza kupoteza damu hadi karibu asilimia 30 ya damu yake na namba ya juu isishuke, kwa sababu mishipa ya ngozi inajibana na moyo unaongeza mwendo. Kwa hiyo kabla presha haijaanguka utaona mapigo yamevuka 100, viganja vya baridi vyenye unyevu, kiu, na mtu asiyetulia, anageuka geuka hajui anataka nini. Ukitaka kuitumia hiyo mashine vizuri, angalia pia pengo kati ya namba mbili. 110/70 na 110/92 si ndugu hata kidogo. Namba ya chini ikipanda kuifuata ya juu, mwili unabana mishipa kwa nguvu zote.

Mfano wa barabara ya Segera, upande wa Pongwe, bodaboda na gari dogo. Abiria yuko chini anapiga mayowe, mfupa wa muundi umetokeza. Dereva wa boda amekaa ukingoni mwa barabara, anasema yeye mzima, anaomba maji tu. Mapigo 128, presha 112/90. Nikamfungua shati: mchubuko wa duara, mdogo kama sarafu, chini ya mbavu za kushoto, pale mpini wa usukani ulipoingia. Upande ule ndiko iliko bandama. Maji hakupewa, kwa sababu anayeelekea chumba cha upasuaji haingii na tumbo lililojaa. Aliondoka na gari la kwanza, na abiria akatutukana mpaka tukapotea machoni. Sikumlaumu.

Kipimo kinachodharauliwa kuliko vyote ni kuhesabu pumzi. Mtu mzima akiwa ametulia anavuta mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ikifika 25 naanza kuharakisha, ikipita 30 sina mjadala. Hesabu dakika nzima huku umemshika mkono ajue unapima mapigo, maana mtu akijua unahesabu pumzi anabadilisha. Na ukiona jedwali la wodi limeandikwa 20, 20, 20 kwa kila kitanda, ujue hakuna aliyehesabu.

Maswali karibuni.

Kibarazani

Madini matupu. Nimekaa pale nasubiri muendelezo.

BodaMakorora

Mkuu asante. Sisi wa boda ndio ambulensi ya kweli ya mtaani, usiku unagongewa mlango "twende Bombo", yaani hospitali. Mara nyingi mgonjwa hajitambui, tunambeba mshikaki, yeye kati na ndugu nyuma anamshikilia. Kuna ubaya?

Machela

@BodaMakorora upo kaka, na si mdogo. Asiyejitambua misuli yake ya shingo imelegea. Ukimkalisha, kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, na njia ya hewa inajifunga hapo hapo. Anaweza kufia njiani kwa pozi tu, wala si kwa ugonjwa. Tafuteni bajaji au gari lolote, alale kiubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo nyuma, mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke. Kama ni ajali, shingo isipindwe, mtu mmoja ashike kichwa tu na asifanye kazi nyingine.

Halafu kuna jambo linawapotosha wengi. Mtu kaanguka ghafla, mnamsikia "anakoroma", kila baada ya sekunde kadhaa anavuta pumzi moja nzito kama samaki aliyetolewa majini. Watu wanasema anapumua, mwacheni apumzike. Hapana. Moyo umesimama, hizo ni pumzi za mwisho za ubongo. Kama hajibu na hapumui kawaida, mlaze chali pagumu, weka kiganja katikati ya kifua, bonyeza kwenda chini sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpokezane msikatize.

NesiMstaafu

Mwanangu umeandika vizuri. Niongeze mawili.

La kwanza, rangi. Vitabu vingi vinasema mgonjwa "anakuwa mweupe" au "wa bluu". Kwa ngozi zetu ukisubiri uso ubadilike utachelewa. Tazama viganja, ulimi, ndani ya mdomo, vuta kope la chini. Bonyeza ukucha, au mfupa wa katikati ya kifua kwa sekunde 5, ukiachia rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikizidi 3, damu haifiki.

La pili ni mabinti. Nimeona wengi wanaletwa wanaambiwa ni chango au UTI. Binti ana maumivu ya tumbo chini, akisimama kizunguzungu, mwingine anasema bega linamuuma na hajabeba kitu. Bega hilo linatokana na damu iliyomwagika tumboni ikigusa kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua. Hiyo ni mimba iliyotunga nje ya kizazi hadi ithibitike vinginevyo. Huko nje usione damu hata tone, inavujia ndani. Sasa ukimuuliza siku zake mbele ya mama yake na shangazi, atakwambia "niko sawa". Watoe wote, hata kwa kumtuma mama akatafute kadi ya kliniki, ndipo uulize. Na hata akikataa, kipimo cha mkojo kifanyike.

Machela

Shikamoo mama. Hilo la kumtuma mama akatafute kadi nalichukua.

Mjukuu_wa_Ngamiani

Mimi nina lingine. Ramadhani iliyopita babu yetu, mzee wa sukari, anatumia vidonge, alifunga kama kawaida. Baada ya alasiri akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, akamtukana mjukuu wake kipenzi, mara anacheka. Kanzu imelowa chapachapa. Wazee wakasema kapandwa, akaitwa mtu wa kumsomea. Jirani akasema ni kiharusi kwa sababu mkono mmoja ulikuwa hauinuki. Alipofika hospitali sukari ilisoma 1.9. Wakamwekea glukozi ya mshipa, dakika chache akauliza "mbona mmenileta huku, futari imeiva?" Swali langu: mkono ulipoozaje kama ilikuwa sukari?

Machela

Umeuliza swali zuri kuliko yote mpaka sasa. Ubongo hauna akiba ya chakula, unaishi kwa sukari ya damu. Ikishuka chini ya 4 mwili unapiga kengele: jasho, kutetemeka, njaa, moyo kwenda mbio. Ikiendelea kushuka ubongo wenyewe unaanza kuzima sehemu sehemu, na wakati mwingine unazima upande mmoja. Ndiyo maana inaigiza kiharusi, ulevi, wazimu, kifafa, na hapa kwetu inaigiza jini. Kila anayebadilika akili ghafla, awe amepooza upande, anatukana, ananuka pombe, chochote, kidole kinachomwa kwanza kwa glukometa, ile mashine ya kupima sukari.

Babu yenu alikuwa na hatari ya pili ambayo pengine mliambiwa. Baadhi ya vidonge, hasa glibenklamaidi, vinakaa mwilini muda mrefu. Unampa soda anazinduka, mnashangilia, baada ya saa kadhaa sukari inashuka tena amelala. Huyo haachwi nyumbani, analazwa aangaliwe. Na mwenye sukari anayetaka kufunga aende kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, dozi zipangwe upya. Ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6 katikati ya mchana, mwongozo wa kimataifa unasema afungue.

Anayejitambua na kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi hivi ya soda yenye sukari, pima tena baada ya dakika 15. Asiyejitambua usimmiminie kitu kinywani, kitaingia mapafuni.

Ruhani_wa_Pwani

Mnadharau mambo ya kwetu. Majini yapo na yametajwa. Si kila kitu glukometa.

Machela

Mzee wangu, mimi sibishani na majini. Ninachoomba ni kidole kwanza, kinachukua sekunde chache, na kisomo kiendelee garini. Nimewahi kwenda na shehe ndani ya gari mpaka mlango wa hospitali, hakunizuia kazi wala mimi sikumzuia yake.

Ruhani_wa_Pwani

Hapo tumeelewana.

Kibarazani

😂😂 Tanga kunani!

Mlipa_Kodi

Maneno matamu, ila gari lenyewe liko wapi? Mwaka juzi tulipiga simu sehemu, tukaambiwa subirini, mwisho tukabeba mgonjwa kwenye kirikuu cha samaki. Msijifanye hamjui.

Machela

@Mlipa_Kodi sikatai. Magari ni machache, na kwa kijiji cha njia ya Pangani au Mkinga ndani kusubiri kunaweza kuwa kubaya kuliko kirikuu. Damu inatoka kwa kasi na usafiri upo, ondokeni, mtu mmoja agandamize kidonda kwa kitambaa asiachie hata akichoka, na mwingine apige simu mnakokwenda wajiandae.

Ila hebu nikupe upande wa simu. Simu nyingi zinasema "njooni haraka, mgonjwa kazidiwa", kisha inakatwa. Kazidiwa vipi? Anazungumza au hajibu? Anapumua kwa shida? Ana jasho la baridi? Kaanza saa ngapi, na anatumia dawa gani? Ukinipa hayo nitajua nibebe nini mkononi nikishuka. Na alama: msikiti upi, barabara ya ngapi, mtu asimame nje na tochi ya simu. Ngamiani barabara zina namba, lakini huko Mabawa na Sahare tunazunguka.

Na muda mseme vizuri. Kwa kiharusi daktari anataka kujua mara ya mwisho mgonjwa kuonekana mzima, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu ina dirisha la saa 4 na nusu, tena baada ya picha ya CT kuonyesha hakuna damu iliyovuja kichwani. Ndugu akisema "saa mbili" sisi tunaandika 20:00 au 08:00, tusipoulizana tunakosea nusu siku nzima. Kama aliamka nayo, semeni alilala saa ngapi akiwa mzima.

Fundi_Friji

Kwa hiyo mdomo ukienda kombo tumpe aspirini haraka? Nimesikia inayeyusha damu.

Machela

Hapana mkuu. Kiharusi kinaweza kuwa bonge au mshipa uliopasuka, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Ukimpa mwenye mshipa uliopasuka umemwongezea. Wala usimpe vidonge vya presha vya jirani, presha kushuka ghafla kunaumiza ubongo uliobanwa. Asile wala asinywe mpaka uwezo wake wa kumeza upimwe.

Aspirini ya kutafuna, miligramu 300, ni ya mtu mzima mwenye maumivu ya kifua yanayoonekana ya moyo: kifua kizito kimekandamizwa, maumivu yanapanda tayani au kushuka mkononi, jasho la baridi. Asiwe na mzio nayo wala kutokwa damu tumboni. Na hapa tena kimya kinadanganya. Wenye sukari, wazee na akina mama wengi hawapati maumivu ya kwenye sinema. Anasema "vidonda vya tumbo vimeamka", anachoka ghafla, kupanda ngazi mbili pumzi hamna, kichefuchefu. Mtu wa miaka 60 mwenye sukari, kiungulia kipya chenye jasho, apigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na mwongozo unataka ndani ya dakika 10 tangu afike. Maziwa na soda si kipimo.

Mama_Wawili

Na watoto je? Wa kwangu alipata degedege, bibi akataka kumtia kijiko mdomoni, mwingine anatafuta kitunguu.

NesiMstaafu

Nikujibu mimi. Kijiko kinavunja meno, kitunguu acha kwenye mchuzi. Mlaze kiubavu, ondoa vitu vya kumgonga, angalia saa. Ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, ni dharura kubwa. Hata ikikoma yenyewe apelekwe, apimwe malaria na sukari, maana malaria kali inashusha sukari kwa watoto.

Siku nyingine mama usitazame joto peke yake. Mtoto mwenye homa ya 39 anayecheza simuogopi sana. Namuogopa asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea hataki hata kulia. Mfunue kifua uhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi ni haraka mno, wa mwaka mmoja hadi mitano, 40. Akivuta hewa na chini ya mbavu panaingia ndani, usisubiri asubuhi.

Machela

Naongezea la pumu hapo hapo, watoto kwa wakubwa. Kifua kinachopiga filimbi bado kinapitisha hewa. Filimbi ikikoma huku mgonjwa anasinzia na hawezi kutamka maneno matatu mfululizo, hajapata nafuu. Hewa imeisha kupita.

Chumbageni_Girl

Jamani samahani kuingilia. Dada yangu ana mimba ya wiki 34, tangu jana kichwa kinamuuma, amemeza panadol hakitulii, leo anasema anaona vimulimuli. Miguu imevimba ila wanasema ni kawaida ya mimba. Kliniki yake ni Jumatatu.

Machela

Dada, asisubiri Jumatatu. Nendeni sasa hivi, hata kama mnadhani ni usumbufu. Kichwa kisichotulia, vimulimuli, au maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia baada ya wiki 20 ni presha ya mimba, na kinachofuata ni kifafa cha mimba. Kama hamna usafiri piga 115, ni bure, ndiyo namba ya m-mama kwa wajawazito na watoto wachanga. Mlangoni semeni hivi: mjamzito, wiki 34, kichwa na macho. Akianza kutetemeka njiani alale kiubavu wa kushoto.

NesiMstaafu

Na mchukue kadi yake. Ikiwa 160/110 au zaidi watamwanzishia dawa ya presha na sindano ya magneziamu, msikatae. Akishajifungua pia mkae macho hadi wiki sita.

Chumbageni_Girl

Bajaji imefika, tunaondoka.

Hina_na_Udi

Tukiwa tunasubiri habari za dada: kile kidude cha kubana kidoleni cha oksijeni, mama alipima kikasoma 84 wakati anaongea vizuri tu. Alikuwa ametoka harusini.

Machela

Vidole vina piko nyeusi au rangi ya kucha? Hivyo vinazuia mwanga. Weka kidole kisicho na rangi au ncha ya sikio, pasha mkono joto, subiri namba itulie. Halafu msikiamini kikisoma vizuri wakati mtu anaonekana vibaya, maana kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko ukweli. Na mtu aliyelala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa, kitakwambia 99 huku damu yake imejaa hewa ya sumu. Huyo mtoeni nje kwanza.

Chumbageni_Girl

Presha 168/112. Amelazwa, wamemchoma hiyo sindano, daktari anasema wanaangalia mtoto. Asanteni sana.

Mama_Wawili

Alhamdulillah. Mungu amfanyie wepesi.

Mjukuu_wa_Ngamiani

Amin. Mkuu Machela, swali dogo: tumemnunulia babu glukometa, ila jana asubuhi ilisoma 14, tukarudia ikasoma 7. Mashine mbovu?

Machela

Pengine si mashine. Alinawa? Ukimenya chungwa la Muheza au kula tende halafu ukachoma kidole hicho hicho, unapima sukari ya tunda. Maji na sabuni, kausha, futa tone la kwanza, tumia la pili. Vijiti navyo viwe vya mashine hiyo hiyo, angalieni tarehe, na kopo lifungwe mara tu ukitoa kimoja, unyevu wa huku pwani unaviharibu. Msiweke juu ya friji wala dirishani.